Milingoti ya Glasgow

Shangazi yetu ana kasha la zamani la mbao lililopigiliwa misumari ya shaba, nalo halifunguliwi ila mara mbili katika mwaka: siku ya kutoa nguo za Idi na siku ya kuzirejesha. Mwaka huu, alipokuwa akizirejesha, ilidondoka kutoka baina ya kanga mbili kadi moja ya posta, katika zile zilizokuwa zikiuzwa na wapiga picha wa mji wa Unguja zamani za Masultani. Rangi yake imekwisha kuwa kama ya chai ya maziwa. Aliiokota, akaitazama, akatupa sisi huku akisema: "Hii ya marehemu baba. Wewe ndiye msomaji wetu, isome."

Kwanza tuliitazama picha. Bahari imetulia. Katikati ya maji imesimama milingoti mitatu na dohani moja, na chini yake hapaonekani chombo. Mtu asiyejua khabari zake angelidhani kuwa ni miti iliyopandwa baharini. Nyuma yake umekaa mji: Beit al-Ajaib na nguzo zake nyeupe, na mkono wa kulia minara ya duara ya Ngome Kongwe. Kando liko jahazi moja limetia nanga. Mlingoti wa jahazi lile umetoka katika picha kama moshi, hauna ukingo. Lakini milingoti mitatu ile mingine imenyoka kama iliyopigiwa rula. Sababu yake ni nyepesi. Jahazi lilikuwa likiyumba kwa wimbi, na kamera za siku zile zilikuwa nzito wa kushika picha. Marikebu ya milingoti mitatu haikuyumba, kwani ilikuwa imekaa juu ya mchanga wa chini ya bahari.

Hiyo ndiyo Glasgow, marikebu ya Seyyid Barghash, na hapana mtu wa nyumba yetu asiyeijua kwa jina. Baba wa babu yetu alikuwa baharia ndani yake. Tangu utoto wetu tumeambiwa kuwa siku Waingereza walipoipiga mizinga alikataa kuiacha, akazama nayo, akafa maji. Shangazi alituhadithia hivyo, baba yetu alituhadithia hivyo, nasi kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini tumewahadithia hivyo wanafunzi wetu chuoni, kila tulipofika katika somo la ushujaa na kutimiza ahadi. Watoto hupenda kisa hicho kuliko vyote. Wako waliokwisha kuwa watu wazima na wake na watoto, wakikutana nasi njiani hutukumbusha.

Kisha tuliigeuza kadi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa babu yetu, ambao tunaujua kwa misahafu aliyoiandika jina lake. Tulisoma kwa sauti: "Milingoti hii niliiona ikikatwa nami ni mtoto wa miaka tisa. Baba alinishika mkono pwani, akatazama mpaka mwisho, hakusema neno."

Shangazi alisema "Masikini!" akaendelea kukunja nguo. Sisi tulisema "Allah amrehemu," tukaiweka kadi juu ya msala. Wala hatukuona lolote. Aliyeona ni mtoto wa dada yetu, kijana wa skuli ya sekondari, aliyekuwa amekaa mlangoni na simu yake mkononi, nasi tukidhani kuwa hasikii.

"Mjomba," alisema, "Glasgow ilizama mwaka gani?"

Tulimjibu: "1896."

"Na milingoti ilikatwa mwaka gani?"

"Mwaka 1912."

"Basi babu alizaliwa kiasi cha mwaka 1903. Na baba yake alimshika mkono mwaka 1912. Kafa maji lini?"

Hii ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, kutoa tisa katika kumi na mbili. Sisi tunaosomesha mirathi, sudusi na thumuni, tumeishi na kisa hiki miaka hamsini na zaidi bila ya kukitia katika mizani. Shangazi aliacha kukunja. Alitutazama sisi, si kijana, kama aliyengoja tumkanye. Hatukuwa na la kumkanya.

Inafaa hapa tuieleze marikebu yenyewe, kwani vijana wengi wanaijua vita ya mwaka 1896 kwa ufupi wake tu, kuwa ilikwisha katika muda usiotimia saa nzima, na watu huisimulia kama mchezo.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Kiling'oa mikarafuu na minazi, na kikavunja vyombo vyote vya Seyyid Barghash vilivyokuwa bandarini. Mtawala huyu, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alibaki na kisiwa cha biashara kisichokuwa na manowari. Ndipo alipoagizia marikebu mpya kwa mafundi wa Scotland, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiitwa Glasgow, na jina akalichukua lile lile. Ilifika Unguja mwaka 1878. Ilikwenda kwa moshi na kwa tanga, ina milingoti mitatu, mizinga saba midogo na bunduki moja ya Gatling. Kwa macho ilikuwa nzuri. Kwa vita ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati karibu siku ile ile ilipotia nanga. Basi sehemu kubwa ya umri wake ilikaa bandarini mbele ya majumba ya mfalme, pambo miongoni mwa mapambo.

Tarehe 25 Agosti 1896 alikufa Seyyid Hamad bin Thuwaini. Seyyid Khalid, mtoto wa Seyyid Barghash, akaingia katika jumba la mfalme akajitangaza Sultani. Waingereza hawakumridhia. Walimtaka ashushe bendera yake na atoke kabla ya saa tatu ya asubuhi, tarehe 27. Bandarini walikuwa na manowari tano: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, chini ya Admirali Rawson. Hebu msomaji apime mwenyewe. St George peke yake ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 9.2 na kumi ya inchi 6. Glasgow ilikuwa na ile saba tuliyoitaja.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ilianza. Majumba yalikuwa na mbao nyingi, na ndani yake na viwanjani walikuwamo askari, watumishi na watumwa, wanaume kwa wanawake. Kiasi cha watu 500 walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Beit al-Hukm liliteketea, na Beit al-Sahel likaharibika vibaya. Seyyid Khalid alikimbilia kwa konseli wa Kidachi, na mwezi wa Oktoba akachukuliwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakampeleka mbali katika visiwa vya bahari, mpaka mwisho akaruhusiwa kukaa Mombasa, akafa huko mwaka 1927. Majina ya wale waliokufa majumbani hatukupata kuyaona yameandikwa pahala pamoja.

Na Glasgow? Iliirushia mizinga St George, tendo ambalo hata adui zake walilistaajabia. St George ikajibu. Marikebu ilitobolewa, ikaanza kuingia maji pale pale ilipotia nanga. Na hapa ndipo penye maneno ambayo sisi tulikwisha kuyasoma zamani katika vitabu vya taarikh, tukayapita kama mtu apitaye jiwe njiani: mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha kuwa wamesalimu amri, na mashua za Waingereza zikawaendea zikawaokoa. Ilipofika kiasi cha saa tano kasorobo marikebu ilikuwa imekwisha kukaa chini. Maji ya bandari si marefu, kwa hivyo milingoti na dohani vilibaki nje.

Tulilisoma hilo, na tulisema moyoni kuwa labda waliokolewa wengine, si wetu.

Miaka kumi na sita milingoti ilisimama pale. Seyyid Hamud alitawala akafa, na Seyyid Ali baada yake akatawala akajiuzulu, na milingoti ipo. Kila mwenye kwenda Forodhani kupokea mgeni aliiona. Kila abiria wa meli za Ulaya aliiona, na akiteremka mjini aliikuta tena imetundikwa madukani, kwani Wagoa wenye kazi ya picha, kama Gomes na Coutinho, walikuwa wakiuza kadi za mji na za bandari, na kitu gani kingelimpendeza msafiri kuliko marikebu ya mfalme iliyozama mlangoni kwake? Hatuwalaumu. Ile ilikuwa ni biashara yao, na lau si wao tusingelikuwa na chochote cha kutazama. Lakini tulifikiri sana juu ya yule baharia. Kama alikuwa hai, na mwandiko wa mwanawe unasema alikuwa hai, basi miaka kumi na sita alikuwa akienda sokoni na msikitini na milingoti ile inamtazama. Watu wakinunua picha yake kwa pesa chache. Hatujui alimwambia nani kuwa alikuwamo. Mwaka 1912 walipokuja watu wa kuivunja, alimchukua mwanawe akaenda naye kutazama.

Kijana wetu alisema: "Mjomba, twendeni tukapige picha pale pale." Neno hili huenda alilisema kwa mchezo tu, maana vijana wa leo hupiga picha hata sahani ya biriani kabla ya kuila. Sisi tulilipokea kwa sababu nyingine. Ilitupasa kufanya jambo, na hatukuwa na jambo jingine.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza vipi maalim wa Kurani ashughulike na picha. Tunajua yaliyosemwa na wanavyuoni juu ya taswira, na hatutaki kuufungua mlango huo leo. Ila bahari, mji na milingoti, vitu visivyokuwa na roho, hatukupata kusikia khitilafu kubwa juu yake.

Tulimwendea nahodha mmoja mwenye mashua ya mtambo pwani ya Malindi, mtu wa makamo, mpole, tukamwonyesha kadi. Aliigeuza huku na huku, akacheka. "Maalim," alisema, "huyu aliyepiga picha hii katuachia alama."

Akatueleza. Mvuvi akitaka kurudi katika jiwe la samaki alilolipata jana hatii boya, kwani boya litaibiwa. Hutazama nchi kavu, akachagua vitu viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kama mnazi na mnara, vilivyokaa katika msitari mmoja. Siku ya pili akiviona tena katika msitari ule ule hujua kuwa yumo njiani. Lakini msitari mmoja hautoshi. Angeliweza kuwa karibu na pwani au mbali mno. Basi hutafuta msitari wa pili upande mwingine, na pahala ipokatana ndipo penye jiwe. Katika picha, mlingoti wa kati ulikuwa umekaa sawa na pembe ya Beit al-Ajaib. Huo ndio msitari wa kwanza. Wa pili alisema atautafuta kwa Ngome, kwa kupima katika kadi upana uliopo baina ya mnara wa Ngome na nguzo ya mwisho ya jumba, kisha akienda mbele na nyuma mpaka macho yake yaone upana ule ule. Alipima kwa ukucha wa kidole gumba. Sisi tuliosoma vitabu tulikaa tukamsikiliza.

Tulikwenda siku za maleleji, pepo zilipokuwa zimelegea, baada ya sala ya alasiri. Wakati huo aliuchagua kijana, nasi tunamshukuru. Mji wa Unguja umeelekeza uso wake magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake, na mwenye kuupiga picha kutoka baharini hupata kivuli kitupu na mwangaza machoni. Alasiri jua humwangukia uso. Katika kadi nguzo za Beit al-Ajaib zinang'aa, kwa hivyo hata yule mpiga picha wa zamani alikwenda alasiri. Maji nayo yalikuwa ni ya bamvua, yanakupwa. Tafauti ya maji kujaa na kukupwa katika siku za bamvua hapa kwetu hufika kiasi cha mita 4, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye kutafuta kitu chini.

Tulipofika mbele ya mji tulipata taabu ambayo haikutupitia akilini. Kadi yetu ina jumba kamili na mnara wake wa saa. Kwa mnara huo tulikwisha kujua umri wa picha, kwani kabla ya vita mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukaharibiwa na mizinga, na baadaye ukajengwa mnara mpya wa saa ulioungana na jumba lenyewe. Basi picha ni ya baada ya hapo. Lakini sisi tuliokuwa ndani ya mashua hatukuuona mnara wa kwanza wala wa pili. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na mnara ukaanguka pamoja nayo, wakafa watu. Jumba lililojengwa mwaka 1883, likasimama katikati ya mizinga ya manowari, lilianguka mchana mmoja wakati wa kutengenezwa. Pwani nayo si ile. Bustani ya Forodhani ya mwaka 1936 imekaa pahala ambapo katika kadi pana majahazi.

Nahodha hakuhuzunika. "Ngome ipo," alisema, na akaendelea kwa Ngome. Alizima mtambo, akachukua kasia, akawa anatupeleka hatua kwa hatua, jicho moja amelifumba, kadi ameinyanyua mbele ya uso wake. Mara tatu alisema "Bado." Mara ya nne hakusema kitu, akatia nanga.

Hapakuwa na kitu. Maji ya kijani, mafuta kidogo ya meli, ganda la dafu linaelea. Boti za abiria zinapita kwenda Dar es Salaam. Hatukutaraji kuona milingoti, kwani tunajua ilikatwa; hata hivyo mtu akifika pahala alipopaota hutazama.

Tulitia bildi: pima tano kasoro kidogo. Chini ni mchanga uliochanganyika na tope. Kijana alikuwa amekuja na mfuko wa plastiki usioingia maji. Akatia simu yake ndani, akaiwasha ipige picha za kwenda, akaifunga katika kamba ya bildi juu ya chubwi, akaiteremsha taratibu. Sisi tulimwambia kuwa simu ile mama yake anailipia kila mwezi. Alijibu: "Inshaallah haitozama, Mjomba," nahodha akatazama upande mwingine asionekane akicheka.

Alifanya hivyo mara kadhaa, mashua ikisogea kidogo kidogo. Kisha tulijifunika sote watatu chini ya turubali ili tuone kioo vizuri. Maji hula rangi za mwangaza, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa, katika mita chache tu. Kwa hivyo kila kitu cha chini huonekana kijani na kijivu, hata kutu ya chuma. Tena tope la bandari lilikuwa likielea kama vumbi ndani ya mwanga wa jua. Tuliona ukungu, ukungu, samaki wadogo, ukungu. Mara ya mwisho kabisa kilipita kitu kilichonyoka, kimeota magugu na chaza, kimelala nusu ndani ya mchanga. Kilionekana kwa muda wa kusema "Subhanallah", kikapotea.

Kijana alipiga ukelele. "Ndiyo! Ubavu wake!" Na papo hapo akaanza kuandika chini ya picha: "Mabaki ya Glasgow, marikebu aliyofia babu yetu."

Tulimshika mkono. Tulimuuliza nahodha: "Hiki ni nini?"

Nahodha aliitazama tena. "Chuma," alisema. "Au mti. Maalim, bandari hii ina miaka mingi. Nanga zimekatika humu, majahazi yamezama, watu wametupa kila kitu. Marikebu yenu ilivunjwa na watu wenye kazi yao, na walichokibakisha Mungu ndiye ajuaye kimelala wapi. Naweza kukuapia kuwa milingoti ilisimama hapa, ukitoa urefu wa mashua yangu huku na huku. Kitu hiki siwezi kukuapia."

Kijana akasema: "Lakini nani atajua?"

Hatukumjibu pale pale, kwa kuwa jawabu ilikuwa imekwama kooni. Neno hilo, nani atajua, hapana aliyelisema katika nyumba yetu kwa ulimi, lakini bila ya shaka kuna mtu alilisema kwa moyo siku moja zamani, akamfisha baharia aliyekuwa hai. Labda alitaka kumheshimu. Labda watoto wa jirani waliwacheka watoto wake kwa kuokolewa na mashua ya adui. Kufa maji kulikuwa na heshima zaidi kuliko kuteremka ngazi ya mashua ya Kizungu, nguo zimerowa, na kurudi nyumbani kuzaa. Na mwanawe, babu yetu, aliyeshikwa mkono pwani, aliandika ukweli nyuma ya kadi, akaificha katika kasha. Kwa nini hakuusema? Tumejiuliza sana, na tumeona bora tusimtungie sababu, kwani tumekwisha kutunga vya kutosha.

Tulimwambia kijana: "Andika: chuma au mti, bandari ya Unguja, pima tano." Aliandika. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyenyang'anywa tende.

Kisha alipiga picha ya pili, ya juu ya maji, kwa kamera ya kukopa. Nahodha aliishika mashua kwa kasia isizunguke. Kijana alisimama shetrini, miguu ameipanua, akangoja boti moja ipite na mawimbi yake yalale, akapiga. Ni picha ya maji matupu, na nyuma yake mji: Ngome na minara yake, miti ya Forodhani, na pahala pa mnara wa saa ipo mbingu. Ukiiweka kando ya kadi, Ngome na Ngome zinalingana kabisa.

Kulikuwa bado na kazi ngumu zaidi. Jumamosi iliyofuata tuliwaambia wanafunzi wetu kuwa kisa cha baharia wa Glasgow tulichowahadithia si sahihi, kuwa hakufa maji, na kuwa kwa dalili zote tulizonazo aliokolewa pamoja na wenzake, akaishi miaka kumi na sita kwa uchache, akazaa. Tuliwaonyesha kadi na mwandiko. Sisi ndio tunaowafundisha kuwa khabari haikubaliwi mpaka ajulikane nani kaipokea kwa nani, na sisi hatukumuuliza mtu hata mmoja. Chuo kilinyamaza. Kisha msichana mmoja mdogo, wa Juzuu Amma, aliuliza: "Maalim, kwani kuokolewa ni aibu?" Tulimwambia si aibu. Akauliza tena: "Basi kwa nini walisema kafa?" Tulimwambia akae, tuendelee na somo. Tangu siku ile tumelifikiria swali lake mara nyingi zaidi kuliko yeye.

Kwa wale wakubwa waliokwisha kutoka chuoni tumepeleka khabari kwa wale tunaowajua. Mmoja aliyeko Muscat alitujibu kuwa kisa cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi. Kweli, kilikuwa kizuri.

Picha ya bahari tupu tuliipeleka kusafishwa mjini, tukamchukulia shangazi. Alivaa miwani yake akaitazama kwa muda mrefu.

"Hapana kitu," alisema.

"Hapana, Shangazi."

"Basi alirudi nyumbani."

"Alirudi."

Alinyamaza. Kisha aliuliza amezikwa wapi, kwani mtu aliyekufa maji hana kaburi, na huyu sasa lazima awe nalo. Hatukuwa na jawabu. Alituambia tumuulize mzee mmoja wa upande wa mama yake, Mkunazini, anayejua makaburi ya watu wetu, na twende kabla ya mwezi wa Ramadhani, kwa sababu mzee yule mgonjwa. Akafungua kasha, ijapokuwa haikuwa siku yake, akazitia picha zote mbili baina ya kanga zile zile, akafunga, na ufunguo akaufunga katika ncha ya mtandio wake.